Utajuaje Kama Matibabu ni Mema? Somo la Masikio, Pua na Koo

Kama mko katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mjibu pamoja maswali yaliyo mwishoni. Tafadhali kila mmoja awe na kalamu na karatasi, maana leo tuna hesabu kidogo. Msiogope, nyingi ni hesabu za kutoa tu.

Somo letu la leo lahusu masikio, pua na koo. Lakini sitawaeleza habari za magonjwa peke yake. Nataka tuulizane swali moja ambalo watu wengi hawaliulizi: mtu akitibiwa, tutajuaje kama ametibiwa vema?

Mwenye duka akifunga mlango jioni hukaa akahesabu. Huhesabu vitu vilivyouzwa, fedha zilizoingia, na kilichobaki rafuni. Asipofanya hivyo, siku moja ataona duka li tupu wala hajui mali imekwenda wapi. Ndiyo maana wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ikiwa ndivyo kwa sukari na chumvi, je, kwa masikio ya mtoto?

Hospitali na zahanati nyingi zina daftari la kuandika wagonjwa wanaokuja. Lakini ukiuliza, "Katika watoto waliokuja mwaka jana masikio yakitoka usaha, ni wangapi ambao masikio yao yalikauka?" mara nyingi utaona watu wanatazamana. Daftari la waliokuja lipo. Daftari la waliopona halipo.

WATOTO ELFU MOJA WA NEW YORK

Tuanze na koo. Simama mbele ya kioo, fungua kinywa, utaona nyuma ya ulimi vinyama viwili, kimoja kila upande. Hayo ndiyo mafindofindo. Kazi yake ni kuusaidia mwili kupigana na vijidudu vinavyoingia kwa njia ya kinywa na pua, hasa wakati wa utoto. Pengine huvimba yenyewe, mtoto akapata homa na kushindwa kumeza hata mate. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliona ni vizuri kuyakata, na watoto wengi sana walikatwa.

Mwaka 1934 Chama cha Afya ya Watoto cha Marekani kilitangaza habari za uchunguzi uliofanywa mjini New York. Walichaguliwa watoto wa shule 1,000, wenye umri wa miaka 11. Ilionekana kwamba 611 walikuwa wamekwisha kukatwa mafindofindo. Andika sasa: 1,000 toa 611. Wamebaki 389.

Hao 389 walipelekwa kwa madaktari. Madaktari wakasema kwamba 174 wakatwe. Andika: 389 toa 174. Wamebaki 215, ambao waliambiwa hawana haja ya kukatwa.

Sasa sikiliza vizuri. Hao 215, walioambiwa ni wazima, walipelekwa kwa madaktari wengine. Hao nao wakasema kwamba 99 wakatwe. Wamebaki 116. Na hao 116, ambao wamepita salama mara mbili, walipelekwa mara ya tatu kwa madaktari wengine tena. Wakachaguliwa 51. Mwisho wa yote walibaki watoto 65 tu katika 1,000.

Tazama karatasi yako. Kila mara madaktari walichagua karibu watoto 45 katika kila 100 walioletwa mbele yao. Kama koo ndilo lililokuwa likiamua, hesabu ingepungua kila mara, maana walioonekana wagonjwa walikuwa wamekwisha kuondolewa, kama mchele unapopepetwa mara ya pili na ya tatu. Haikupungua. Basi hapana budi tuseme kwamba kilichoamua si koo la mtoto, bali ni mazoea ya daktari. Alizoea kuona kwamba karibu nusu ya watoto wahitaji kisu, naye akaona hivyo hivyo hata kwa watoto waliokwisha kupepetwa.

Sisemi kwamba madaktari wale walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alitaka kumsaidia mtoto. Lakini kumkata mtoto koo si jambo dogo. Hana budi kulazwa kwa dawa ya usingizi. Kidonda chake huweza kutoka damu. Na mara chache, mtoto aliyeingia hospitali akitembea hakurudi nyumbani. Ikiwa kisu kilihitajiwa, hatari hiyo ina faida yake. Ikiwa hakikuhitajiwa, mzazi amelipa gharama kubwa kwa kitu cha bure.

Wala jambo hilo halikuwa la New York tu. Mwaka 1938 daktari Mwingereza, James Alison Glover, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London hesabu za watoto wa shule wa Uingereza. Wilaya jirani, zenye watu wa namna moja na hewa moja, zilipitana mno kwa idadi ya watoto waliokatwa. Katika mji wa Hornsey, alipoingia mganga mpya wa shule mwaka 1929, idadi ilianguka ghafla hata ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya mwaka uliotangulia; wala watoto hawakuonekana kudhurika kwa sababu hiyo.

Kisha, mwaka 1973, John Wennberg na Alan Gittelsohn walitangaza hesabu za jimbo la Vermont, Marekani. Katika sehemu moja ya jimbo hilo walikatwa mafindofindo watu 13 katika kila 10,000 kwa mwaka. Katika sehemu nyingine walikatwa 151. Ni zaidi ya mara kumi na moja! Hesabu hizo zilirudishwa kwa madaktari wenyewe. Wale wa Morrisville, walioona kwamba wamewazidi wenzao, walikubaliana kushauriana kabla ya kumkata mtoto. Idadi yao ikashuka sana. Hakuna aliyeshtakiwa, wala aliyetukanwa. Walipewa kioo tu wakajitazama.

Huo ndio mwanzo wa kupima: kuhesabu, kulinganisha, na kumwonyesha mwenye kazi hesabu yake mwenyewe.

KANUNI YA MAFINDOFINDO

Pengine mzazi atauliza, "Sasa nitajuaje kama mtoto wangu ahitaji kukatwa?" Mwaka 1984 Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wanaougua koo mara kwa mara. Kutokana na kazi hiyo imekuja kanuni ambayo mpaka leo hutumiwa katika nchi nyingi. Iandike:

Mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja. Au mara 5 au zaidi kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo. Au mara 3 au zaidi kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo.

Na kila mara iwe ni ugonjwa wa kweli wa koo, wenye homa, au usaha juu ya mafindofindo, au tezi za shingo zilizovimba, au vijidudu vilivyoonekana kwa kipimo. Si mafua ya kawaida. Tena iwe imeandikwa. Hapo unaona tena faida ya daftari: mzazi asiyeandika atasema "mtoto huugua kila siku," na daktari hana la kupima ila maneno hayo.

Iko sababu nyingine pia. Ikiwa mafindofindo ni makubwa hata mtoto hukoroma sana usiku, pumzi yake ikakatika kidogo kisha akashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, mpeleke kwa daktari bila kungoja kuhesabu miaka.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, mtu aliyezaliwa Beirut akawa mwalimu huko Michigan, Marekani, aliandika kwamba wema wa matibabu hupimwa kwa njia tatu. Mimi nitaziita kwa maneno mepesi: vitu, kazi, na matokeo.

Vitu ni vile vilivyopo. Je, zahanati ina taa ya kutazamia ndani ya sikio, na betri yake inafanya kazi? Iko pamba safi? Iko dawa ya matone? Yuko mwuguzi aliyefundishwa kutazama sikio?

Kazi ni yale yanayotendwa. Taa ipo, je, ilitumiwa? Au mtoto aliandikiwa vidonge mlangoni, sikio lake lisitazamwe? Mama alionyeshwa jinsi ya kulikausha sikio, au aliambiwa tu "kalikaushe"?

Matokeo ni yale yanayompata mgonjwa. Sikio limekauka? Mtoto anasikia mwalimu akisema? Amerudi shuleni?

Watu wengi hupima vitu tu, kwa sababu ni rahisi kuvihesabu. Mgeni akija kukagua huonyeshwa jengo jipya na kabati la dawa. Lakini taa iliyofungwa kabatini haijamtibu mtu. Kadhalika, kazi nyingi si dalili ya wema. Daktari wa Vermont aliyekata watu wengi kuliko wenzake alifanya kazi nyingi, lakini tumekwisha kuona maana yake.

Matokeo mengine hayaonekani kwa taa, lazima umwulize mgonjwa mwenyewe. Kwa ugonjwa wa pua, madaktari wengi siku hizi hutumia karatasi yenye maswali 22. Mgonjwa huulizwa kama pua imeziba, kama hulala vema, kama anasikia harufu, kama amechoka mchana. Kila jibu hupewa namba tangu 0, yaani hakuna taabu, mpaka 5, yaani taabu kubwa kabisa. Jumla yaweza kufika 110. Mgonjwa hujibu kabla ya kutibiwa, na hujibu tena baadaye. Ikiwa jumla ilikuwa 60 ikawa 20, amepata nafuu. Ikiwa ilikuwa 60 ikawa 58, daktari asijisifu, hata kama operesheni yenyewe ilikwenda sawasawa.

DAWA ILIYOLETA MADHARA

Sasa nitawaeleza kisa kinachoonyesha kwamba nia njema haitoshi.

Miaka ya 1990 iliingia hofu kubwa Uingereza kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo uliotokana na ng'ombe wenye kichaa. Ilifikiriwa kwamba asili ya ugonjwa huo huweza kukaa katika mafindofindo ya mtu, ikashika kwenye vyombo vya chuma, isiondoke hata vikichemshwa. Kwa hiyo, mwezi Januari 2001, iliamriwa kwamba katika kukata mafindofindo vitumiwe vyombo vya kutumia mara moja na kutupwa. Nani angepinga? Ilikuwa ni kuwalinda watoto.

Lakini haukupita muda zikaanza kuja habari za wagonjwa waliotokwa na damu nyingi baada ya operesheni, na kifo kikatokea. Mwezi Desemba mwaka huo huo vyombo vya zamani vikaruhusiwa tena.

Hapo madaktari wa masikio, pua na koo wakasema: Tusibahatishe, tuhesabu. Tangu Julai 2003 mpaka Septemba 2004 waliandika habari za wagonjwa 33,921 waliokatwa mafindofindo katika Uingereza na Ireland ya Kaskazini. Kwa kila mmoja waliandika njia iliyotumiwa na lililompata baadaye. Katika kila wagonjwa 1,000, karibu 35 walitokwa na damu, na karibu 9 ilibidi warudishwe chumba cha operesheni.

Lililo kubwa zaidi ni hili. Wako madaktari waliotumia vyombo vya chuma tu, wakafunga mishipa kwa uzi. Wako wengine waliotumia chombo cha umeme kinachochoma nyama na mishipa kwa moto. Wengi waliipenda njia ya moto kwa sababu damu ilikuwa kidogo wakati wa kukata. Lakini hesabu ilionyesha kwamba waliokatwa kwa moto walitokwa na damu siku za baadaye karibu mara tatu kuliko wale wa chuma na uzi. Daktari mmoja asingeweza kuliona jambo hilo peke yake. Hutokea kwa wachache, tena hutokea mgonjwa akiwa amekwisha kwenda nyumbani. Pengine hupelekwa hospitali nyingine, na aliyemkata asipate habari. Ilihitaji daftari la nchi nzima. Uchunguzi haujaisha bado, mwezi Machi 2004, madaktari walikwisha kupewa onyo juu ya matumizi ya moto.

Wenzao wa Sweden walitangulia. Tangu 1997 wana daftari la nchi nzima la mafindofindo. Mgonjwa au mzazi wake huulizwa baada ya siku 30, na tena baada ya miezi 6: Ulitokwa na damu? Ulirudi hospitali? Umepona taabu iliyokupeleka?

Nawe mzazi, chukua hili liwe lako. Mtoto akikatwa mafindofindo, damu yaweza kutoka siku ile ile ya kwanza, au baada ya siku 5 mpaka 10, wakati unapodhani hatari imepita. Ukimwona anatema damu nyekundu, au anameza mate mara kwa mara akiwa usingizini, usingoje kuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

MTU ALIYEANDIKA MAKOSA YAKE

Yamkini mtu atasema, "Nani atakubali kuandika makosa yake mwenyewe?" Alikuwapo. Ernest Codman alikuwa daktari wa kupasua mjini Boston, Marekani. Hakuwa daktari wa masikio, lakini fikira yake ni ya kila idara. Alitaka kila mgonjwa awe na kadi: alikuja na ugonjwa gani, alitibiwa vipi, na baada ya mwaka hali yake ikoje. Ikiwa hakupona, iandikwe sababu. Mwaka 1911 alifungua hospitali ndogo yake mwenyewe. Mpaka mwaka 1916 walikuwa wametoka humo wagonjwa 337, naye akaandika makosa 123. Alipiga chapa habari hizo watu wazisome.

Jambo hilo halikumletea urafiki. Wenzake wengi hawakulipenda. Lakini leo, kila mahali hospitali inapofuata habari za wagonjwa wake baada ya kutoka, inatembea katika njia aliyoifyeka Codman.

MASIKIO YA ZAHANATI YETU

Tumezungumza habari za mbali. Sasa tuje nyumbani. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 1,500 duniani wana upungufu wa kusikia kwa kadiri fulani. Kwa watoto, karibu 60 katika kila 100 ya upungufu huo ungeweza kuzuiwa. Sababu moja kubwa ni sikio linalotoka usaha likaachwa. Usaha ukidumu, kiwambo cha ndani ya sikio hutoboka kisipone. Mtoto hasikii vema. Mwalimu humwita hasikii, na watu humwita mzito.

Matibabu yake hayahitaji mashine kubwa. Chukua kitambaa safi chepesi kinachonyonya maji, au karatasi laini iliyo imara, usokote iwe kama utambi. Ingiza taratibu sikioni; ukilowa, utoe utupe, uweke mwingine mpaka sikio likauke. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Kisha tia dawa ya matone uliyopewa zahanati, kwa siku 14 bila kuruka. Usichokoe kwa njiti ya kibiriti, usimimine mafuta wala maziwa. Baada ya siku 5 umrudishe mtoto akatazamwe. Na kama pana uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tupime. Tuseme zahanati moja imepata watoto 20 wenye usaha wa masikio. Baada ya wiki nne, 14 wamerudi masikio yakiwa makavu. Watatu wamerudi bado yana usaha. Watatu hawakurudi kabisa. Je, zahanati imefaulu kiasi gani?

Mmoja atasema: waliorudi ni 17, waliopona 14, basi ni karibu 82 katika 100. Mwingine atasema: walioanza ni 20, waliopona kwa hakika ni 14, basi ni 70 katika 100. Wa pili ndiye mwenye hesabu ya uaminifu. Wale watatu wasiorudi hatujui habari zao. Pengine wamepona, pengine wamekata tamaa wakaenda kwingine. Asiyerudi asihesabiwe kuwa amepona. Afadhali mtu atumwe akawatazame.

Kisha zahanati iulize: wale sita tulikosea wapi? Huenda ikaonekana kwamba mama wawili waliishiwa dawa siku ya saba. Mmoja hakuonyeshwa utambi kwa vitendo. Mmoja anakaa mbali, na siku ya kurudi ilikuwa siku ya kupanda mahindi. Basi wabadili jambo moja: kila mama asokote utambi mwenyewe mbele ya mwuguzi kabla ya kuondoka. Watoto 20 wanaofuata wahesabiwe tena kwa njia ile ile. Hesabu ikipanda, desturi hiyo ishikwe. Isipopanda, lijaribiwe jingine. Chagua, hesabu, badili, hesabu tena: ndiyo kazi yote, wala haina mwisho.

MITEGO YA HESABU

Iko mitego mitatu, nawaomba mjihadhari nayo.

Kwanza, hesabu ndogo hudanganya. Mtoto mmoja akitokwa na damu katika watoto 10, usiseme daktari huyo ni mbaya. Yaweza kuwa ni bahati. Ngoja wawe mamia.

Pili, usilinganishe visivyolingana. Hospitali kubwa hupelekewa wagonjwa walioshindikana kwingine. Wakifa humo wengi kuliko katika zahanati, si lazima iwe imekosa. Uliza kwanza: walifika katika hali gani?

Tatu, hesabu isifanywe fimbo. Mwuguzi akijua kwamba kila kosa litamletea karipio mbele ya watu, ataandika yale yanayopendeza. Daftari litakuwa safi, na watoto wataendelea kuugua. Anayeandika kosa lake ashukuriwe, maana amewapa wenzake njia ya kulikwepa.

KARATASI YA IFAKARA

Nimalize na habari ya kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa karatasi ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa operesheni. Ni mambo mepesi: Mgonjwa ni nani? Ni operesheni gani? Ni upande gani? Fikiri sikio: mtu ana mawili, na akilala usingizi hawezi kusema "si hili, ni lile." Kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Mwisho vyombo na pamba vihesabiwe, kisisahauliwe kitu mwilini.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8. Ilikuwamo London, ilikuwamo Toronto, ilikuwamo New Delhi. Na ilikuwamo Ifakara, Tanzania. Habari zilitangazwa mwaka 2009. Tukizijumlisha hospitali zote nane, kabla ya karatasi walipata madhara wagonjwa 110 katika kila 1,000. Baadaye walikuwa 70. Waliokufa walikuwa 15 katika kila 1,000. Baadaye walikuwa 8. Haikuwa dawa mpya wala mashine. Walijua yote tangu zamani. Tofauti ni kwamba sasa waliuliza kwa sauti kila mara.

Nawe unaweza kuuliza. Daktari akisema mtoto akatwe, mwulize kwa adabu: "Daktari, ni kwa sababu gani? Tukingoja, kuna hatari gani? Watoto uliowakata, wangapi walirudi wakitoka damu?" Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Na kama u mjumbe wa kamati ya zahanati, usiishie kuuliza dawa zimefika au hazikufika. Uliza pia: masikio mangapi yamekauka?

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini hesabu za watoto wa New York zaonyesha kwamba koo silo lililoamua?

2. Taja kitu kimoja, kazi moja na tokeo moja ambavyo mngeweza kupima katika zahanati yenu.

3. Watoto 30 walitibiwa masikio. Walirudi 24, na 18 kati yao wamepona. Ni wangapi katika 100 waliopona kwa hakika?

4. Katika mtaa wenu, yuko mtoto ambaye sikio lake latoka usaha? Nani atakwenda kesho kuzungumza na wazazi wake?

Majibu ya swali la tatu ni 60 katika 100. La nne halina jibu la kitabuni. Jibu lake ni mtu kwenda.